Majalada ya Talaka ya Wakulima wa Marekani: Tusome Tarehe Kabla ya Tuhuma

Mwaka 1887 Bunge la Marekani lilimwagiza Kamishna wa Kazi, Carroll D. Wright, ahesabu ndoa na talaka za nchi nzima kwa miaka 20 iliyokuwa imekwisha. Shinikizo lilitoka kwa watu wa dini, hasa Samuel Dike, mchungaji wa Vermont aliyeamini kwamba familia ya Kimarekani ilikuwa inabomoka na akataka serikali iithibitishe hofu hiyo kwa tarakimu. Makarani wa Wright walisambaa katika mahakama za kaunti, wakafungua rejesta na majalada, na ripoti iliyotoka mwaka 1889 ikaeleza kwamba kati ya 1867 na 1886 zilitolewa talaka 328,716: 9,937 katika mwaka wa kwanza na 25,535 katika mwaka wa mwisho. Wanawake walipewa talaka 216,176 kati ya hizo, yaani karibu theluthi mbili.

Tarakimu hizo zimenukuliwa mara nyingi tangu wakati huo, na kwa kawaida hunukuliwa na mtu anayetaka kuonyesha kwamba maisha ya mjini yaliharibu ndoa. Husahaulika kwamba mwaka 1870 karibu robo tatu ya Wamarekani waliishi nje ya miji, na kwamba hata mwaka 1890 walio nje ya miji walikuwa bado karibu theluthi mbili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya karatasi zilizopitiwa na makarani wale ilihusu watu waliolima mahindi na ngano, waliofuga nguruwe na ng'ombe wa maziwa, waliokuwa na deni dukani hadi mavuno, na ambao mahakama kwao lilikuwa jengo la matofali katika mji mdogo wa kaunti ambako jaji alifika kwa vipindi, akasikiliza mashauri ya wizi wa farasi, mipaka ya mashamba na talaka katika juma hilohilo, kisha akaondoka.

Majalada hayo, kwa maoni yangu, yamesomwa kwa kuanzia mahali pasipofaa. Msomaji hukimbilia tuhuma, iwe uzinzi, ukatili, ulevi au kutelekezwa, akaihesabu kuwa ndiyo sababu iliyoivunja ndoa. Tuhuma ndiyo sehemu isiyoaminika kuliko zote katika jalada, kwa kuwa iliandikwa na sheria kabla wanandoa hawajakutana. Yanayoaminika zaidi yamo katika tarehe, katika orodha ya mali, katika maelezo ya nani alikuwa akifanya kazi gani, na katika vinywa vya majirani walioitwa kutoa ushahidi. Ukianzia huko, utaona kwamba katika mashauri mengi ndoa ilikuwa imekufa miaka kadhaa kabla ya karatasi ya kwanza kuandikwa, na kwamba kilichowapeleka watu kwa wakili ni jambo la baadaye: ardhi iliyotaka kuuzwa, mwenzi mpya aliyesubiri, au mali aliyoichuma mke peke yake baada ya mume kutoweka.

Ili hoja hiyo ieleweke, lazima kwanza tujue jalada lilitengenezwaje. Msomaji aliyezoea talaka inayotamkwa na mume, au khului, au ndoa inayovunjwa na kadhi baada ya usuluhishi kushindikana, atashangaa kuona kwamba katika karne ya 19 takriban kila jimbo la Marekani lilimtaka mdai athibitishe kosa. Mmoja awe mkosaji na mwingine awe safi. Hata maneno yaliyotumika, hasa uzinzi na ukatili, yalirithiwa kutoka mahakama za kanisa za Uingereza, na ndiyo maana yanapatikana pia katika Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Tofauti ni kwamba sheria hiyo ya Tanzania inayachukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, ilhali jaji wa Ohio au Illinois wa mwaka 1870 aliyachukua kuwa ndiyo shauri lenyewe. Kama wote wawili walikuwa wamekosea, hakuna aliyepewa talaka. Kama mke aliyepigwa au mume aliyesalitiwa alirudi kulala na mwenzake akijua alilotendewa, kosa lilihesabiwa kuwa limesamehewa. Na kama ilibainika kwamba wawili hao wamekubaliana kuachana kwa amani, makubaliano hayo yenyewe yalikuwa sababu ya kuwanyima talaka.

Sheria ya namna hiyo ilizalisha uongo wa adabu. Wanandoa waliokubaliana walilazimika kulificha kubaliano lao na kumchagua mmoja awe mkosaji. Wakili wa kaunti, ambaye mara nyingi alikuwa na kitabu cha vielelezo vya hati mezani, alinakili maneno yaleyale kwa kila mteja: kwamba mdai amekuwa wakati wote mke mwaminifu, mwema na mwenye kutimiza wajibu wake, kwamba mdaiwa, bila kujali viapo vyake vya ndoa, alimtelekeza bila sababu ya haki. Mtu akisoma hati 10 za namna hiyo mfululizo atadhani wanawake wote wa kaunti walikuwa na tabia moja. Hapo huwa ninawaonea huruma wanafunzi wa historia wanaojaribu kuichambua lugha ya hati za madai kana kwamba ni sauti ya mke, kwa sababu sauti wanayoisikia ni ya karani wa wakili.

Ndiyo maana takwimu za sababu za talaka ni ramani ya sheria zaidi ya kuwa ramani ya ndoa. Katika jimbo la New York, tangu 1787 hadi marekebisho ya mwaka 1966, uzinzi ndio uliokuwa sababu pekee ya talaka kamili. Hivyo majalada ya New York yamejaa uzinzi, na mwingine ulitungwa. South Carolina haikutoa talaka kabisa, isipokuwa katika kipindi kifupi cha 1872 hadi 1878, wala haikuziruhusu tena hadi 1949. Hivyo kwa sehemu kubwa ya karne ile ndoa za wakulima wa pamba wa jimbo hilo zinaonekana kwenye karatasi kuwa imara kuliko zote nchini, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kuliamini. Indiana nayo, kwa sheria yake ya 1852, ilimruhusu jaji atoe talaka kwa sababu yoyote nyingine aliyoiona inafaa, hadi wabunge walipoifuta ruhusa hiyo mwaka 1873 baada ya jimbo kusemwa vibaya kote nchini. Haiwezekani watu wa Indiana waliamka siku moja mwaka huo wakiwa na sababu chache zaidi za kugombana.

Kutelekezwa ndiko kulikoongoza katika hesabu ya Wright, kwa zaidi ya theluthi ya talaka zote, na wachambuzi wengi wamehitimisha kwamba wanaume wa Kimarekani walikuwa wakizikimbia familia zao kwa makundi. Wengi walikimbia kweli, kwa sababu nchi ilikuwa kubwa, reli ilikuwa inasonga magharibi, na mtu angeweza kubadili jina akafika Colorado bila kuulizwa swali. Lakini tukumbuke pia ubora wa tuhuma hiyo machoni pa wakili. Ilikuwa haina aibu kubwa. Haikuhitaji shahidi aliyechungulia dirishani. Ilihitaji tu muda upite, miaka 2 huko Illinois, mwaka 1 huko California chini ya sheria ya 1872. Na mdaiwa asipopatikana, wito ulichapishwa kwa majuma kadhaa katika gazeti la kaunti ambalo yeye, akiwa maili 1,000 mbali, hangelisoma. Shauri likasikilizwa upande mmoja, likaisha kabla ya chakula cha mchana. Hesabu ya pili ya serikali, iliyochukua miaka ya 1887 hadi 1906 na kukuta talaka 945,625, iligundua kwamba ni takriban 15 tu katika kila 100 zilizokuwa zimepingwa na mdaiwa. Ikiwa mashauri 85 katika 100 hayakupata upinzani, basi kinachoitwa ushahidi wa kosa katika majalada hayo ni maneno ya upande mmoja ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kuyapima.

Hofu nyingine ya wakati ule, kwamba watu walikuwa wakihama majimbo ili kutafuta talaka rahisi, iliangushwa na ripoti yenyewe: kati ya talaka ambazo mahali pa ndoa palijulikana, takribani nne katika kila tano zilitolewa katika jimbo lilelile ambamo wanandoa walifungia ndoa. Dike alitaka tarakimu, akazipata, na hazikumsaidia sana.

Tugeukie sasa tarehe, ambazo ndizo zinazonishughulisha. Hati ya madai ilikuwa na angalau tarehe tatu: siku ya ndoa, siku ya kutengana, na siku ya kufungua shauri. Pengo kati ya ya pili na ya tatu ndilo linalosimulia mengi, na mara kwa mara ni kubwa kuliko muda ambao sheria iliutaka. Kwa nini mtu aliyeachwa akae miaka sita au saba bila kudai chochote, kisha aende kwa wakili ghafla katika mwezi wa Februari?

Mfikirie mkulima ambaye mkewe aliondoka zamani, akarudi kwao au akapotelea jimbo jingine. Katika majimbo mengi yaliyorithi sheria ya Kiingereza, mke alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe kwa muda wa uhai wake iwapo mume angetangulia kufa, na haki hiyo haikufutika kwa kuwa tu mume ameiuza ardhi. Mnunuzi mwangalifu alidai sahihi ya mke kwenye hati ya mauzo. Miaka yote ambayo mkulima huyo alikuwa akilima na kula, kutokuwepo kwa mke hakukumletea tatizo la kisheria. Siku aliyotaka kuuza ekari zake 80 ahamie Kansas, aligundua kwamba hawezi kutoa hati safi bila sahihi ya mwanamke ambaye hajui aliko. Talaka iliyotolewa kwa kosa la mke iliifuta haki ile. Kwa mume kama huyo, tuhuma ya kutelekezwa katika jalada ni ya kweli kabisa, na bado haituelezi ni kwa nini alikwenda mahakamani mwaka ule na si mwingine. Jibu limo katika rejesta ya ardhi, ambayo kwa kawaida huhifadhiwa katika jengo lilelile, ghorofa nyingine, na ambayo wasomaji wa majalada ya talaka hawaifungui.

Kwa upande wa mke hesabu ilikuwa kali zaidi. Sheria ile ya zamani ilihesabu mapato ya mke, hata fedha za siagi na mayai alizozipata kwa mikono yake, kuwa mali ya mume. Mississippi ilianza mwaka 1839, na New York ikafuata mwaka 1848, kumruhusu mke amiliki mali kwa jina lake, lakini sheria za mwanzo zililinda zaidi kile alichokirithi au kupewa kuliko kile alichokichuma kwa kazi. Ulinzi wa mapato ulikuja baadaye na kwa viwango tofauti. Mwanamke aliyeachwa na watoto watatu, akakodi shamba, akanunua ng'ombe wawili, akaanza kupata nafuu, alikuwa na sababu nzuri ya kuogopa kwamba mume angerudi kuvidai, au kwamba wadai wa mume wangevikamata kwa deni lake. Hapo talaka ilikuwa uzio wa kulinda mali mpya. Sheria ya Ardhi ya Makazi ya mwaka 1862 iliongeza sababu nyingine: ilitoa ekari 160 kwa mtu aliyekuwa mkuu wa familia au aliyefikisha miaka 21, mwanamume au mwanamke, kwa sharti la kuishi na kulima kwa miaka 5; mke aliyekuwa akiishi na mumewe hakuweza kuomba kwa jina lake, lakini aliyepewa talaka angeweza. Katika maeneo ya magharibi, hukumu ya talaka ilikuwa hati ya kumfikisha mwanamke kwenye ofisi ya ardhi.

Nimesikia ikisemwa kwamba kuyasoma majalada kwa jicho hili la mali ni kuyavua utu wake, kana kwamba wakulima hawakuumia mioyo. Sikubali. Katika shamba la karne ya 19 mapenzi na kazi havikutenganishwa na watu wenyewe, na ushahidi wao unaonyesha hivyo. Mume akitaka kueleza kwamba hapendwi, alisema mke wake amekataa kumpikia vibarua wakati wa kupura ngano, au amekataa kukamua ng'ombe, au amechukua godoro la manyoya akaenda nalo kwa mama yake. Mke akitaka kueleza kwamba amedharauliwa, alisema mume alimwacha bila kuni wakati wa theluji, kwamba aliuza ng'ombe aliyekuwa akiwapa watoto maziwa, kwamba alimlazimisha kushika plau akiwa na mimba, kwamba hakumnunulia viatu kwa msimu mzima ilhali deni la pombe lilikuwa likikua dukani. Ulevi, ambao hesabu ya pili ya serikali iliukuta, moja kwa moja au kwa kuchangia, katika karibu talaka moja kati ya tano, uliingia katika majalada kwa njia hiyo ya duka: aliyeeleza hakuanza na jinsi mume alivyoyumba, alianza na kilichokosekana mezani.

Kulikuwa pia na ugomvi mmoja wa kisheria ambao ni mfano mzuri kuliko yote wa jinsi tuhuma inavyopotosha. Sheria ilimpa mume mamlaka ya kuchagua makazi ya familia. Mume akiamua kuhama kutoka Vermont kwenda Iowa, na mke akikataa kumwacha mama yake mgonjwa au makaburi ya watoto wake, basi mke ndiye aliyehesabiwa kuwa amemtelekeza mume, ingawa hakuondoka hata hatua moja kutoka jikoni mwake. Katika takwimu za Wright mwanamke huyo yumo katika safu moja na mwanamke aliyetoroka na kibarua usiku. Uhamiaji wa magharibi, ambao vitabu vya shule huueleza kama safari ya familia nzima ndani ya gari la turubai, ulikuwa pia maelfu ya mabishano ya aina hiyo, na mahakama za kaunti ni miongoni mwa sehemu chache zilizohifadhi upande wa waliokataa kwenda.

Ukatili unahitaji tahadhari ya namna yake, kwa sababu hapa majaji walijiingiza waziwazi katika kupima hadhi ya watu. Mahakama ya Juu ya Alabama ilieleza mwaka 1855 kwamba kofi dogo la hasira linaweza kuwa ukatili kati ya watu wenye elimu na malezi, ilhali kati ya watu wa daraja jingine mapigo yangeweza kupita mara mojamoja bila kuiharibu sana furaha yao. Mke wa mkulima maskini alikuwa, kwa kauli hiyo, na uti wa mgongo tofauti na wa mke wa wakili. Miaka saba baadaye Jaji Mkuu Richmond Pearson wa North Carolina aliyakataa madai ya mwanamke aliyeeleza kwamba mumewe alimchapa mara moja kwa mjeledi wa farasi na mara nyingine kwa fimbo, akieleza kwamba sheria inampa mume nguvu kiasi cha kumfanya mke ajue nafasi yake, na kwamba mdai alipaswa kueleza ni mazingira gani yaliyosababisha kuchapwa. Mahakama hiyohiyo ilikuja kuikana haki ya mume ya kumchapa mkewe mwaka 1874, katika shauri la jinai. Kisha mwaka 1883 Mahakama ya Juu ya Kansas, jimbo la wakulima hasa, ikakubali kwamba mateso ya moyo bila kipigo yaweza kuwa ukatili, na mahakama za majimbo mengine zikaendelea kusogea upande huo.

Lakini hukumu za rufaa ni povu la juu. Kwa kila shauri lililofika mahakama ya juu, mamia yalikwisha katika kaunti, na huko majaji mara nyingi walikuwa wapole kuliko sheria iliyoandikwa, hasa pale mdaiwa alipokuwa hayupo na majirani wakasema jambo moja. Majirani hao ndio, kwangu mimi, hazina kubwa kuliko zote katika majalada. Kwa sehemu kubwa ya karne, sheria za ushahidi zilimzuia mtu mwenye maslahi katika shauri kutoa ushahidi juu yake, na hata vizuizi hivyo vilipolegezwa, majimbo kama California yaliandika waziwazi kwamba talaka isitolewe kwa maneno ya mdai peke yake. Kwa hiyo walihitajika wengine: kibarua aliyelala darini, mkunga, shemeji, mwenye duka, jirani wa kike aliyeletewa mtoto usiku. Watu hao hawakufundishwa kusema maneno ya hati. Walieleza walichokiona na, bila kukusudia, walieleza walichokitarajia: kwamba mume mwema hujaza pipa la unga, kwamba mke mwema haachi maziwa yaharibike, kwamba kumkemea mke mbele ya wageni ni aibu lakini kumpiga mbele ya wageni ni jambo la kumfanya mtu avuke uzio na kuingilia kati. Anayetaka kujua kijiji cha Kimarekani kilihesabu nini kuwa ndoa ya haki asisome mahubiri ya enzi ile. Asome maswali ya wakili na majibu ya mwenye duka.

Kundi moja linatulazimisha tuwe waangalifu maradufu. Watu weusi wa Kusini waliokuwa watumwa hawakuwa na ndoa machoni pa sheria hadi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa walikuwa na wake, waume na watoto ambao wengine waliuzwa wakatenganishwa nao. Mwaka 1866 majimbo kama Virginia na North Carolina yalipitisha sheria za kuzitambua ndoa za waliokuwa wakiishi pamoja. North Carolina iliwataka waende kwa karani wakiri ndoa yao kwa ada ya senti 25. Kwa kalamu hiyo moja watu walijikuta wamefungwa kisheria na mtu waliyekuwa naye siku ile, hata kama mwenzi wa kwanza, aliyeuzwa kwenda Mississippi miaka 10 nyuma, alirejea kwa miguu mwezi uliofuata. Mashauri ya talaka ya wakulima weusi ya miaka ya 1870 yanapotaja kutelekezwa au uzinzi, nyuma ya maneno hayo huenda kuna mnada wa watu ambao jalada halina nafasi ya kuutaja. Kumhesabu mtu huyo katika safu ya watelekezaji ni dhuluma ya pili.

Kuhusu malezi ya watoto majalada yana machache kuliko mtu anavyotarajia. Mara nyingi ni mstari mmoja katika hukumu, unaompa mama watoto wadogo. Kuhusu matunzo ya mke yana machache zaidi. Katika hesabu ya 1887 hadi 1906, chini ya wanawake 20 katika kila 100 waliopata talaka ndio walioomba kulipwa matunzo, na waliopewa walikuwa pungufu ya hao. Sioni ugumu kueleza: mume aliyekuwa Montana, au aliyekodi shamba kwa mgawo wa mavuno, hakuwa na kitu cha kukamatwa, na wakili mwaminifu alimshauri mteja asilipie ada ya kudai kisichokuwapo.

Siku hizi majalada mengi yamepigwa picha na mengine yamewekwa mtandaoni, jambo la kushukuriwa, ila kinachowekwa kwanza ni faharasa: jina la mdai, jina la mdaiwa, sababu, tarehe ya hukumu. Yaani kile hasa ambacho sheria ilikiandika. Ushahidi wa majirani, ambao ni kurasa nyingi za mwandiko mgumu, hubaki kwenye sanduku. Mtafiti anayetosheka na faharasa ataandika tena ripoti ileile ya mwaka 1889, kwa michoro mizuri zaidi. Afadhali kaunti moja isomwe yote, jalada kwa jalada, na pembeni pawekwe rejesta ya ardhi, rejesta ya ndoa na karatasi za sensa. Rejesta ya ndoa itaonyesha ni wangapi walioa au kuolewa tena miezi michache baada ya hukumu. Sensa ya mwaka 1880, ambayo ilikuwa ya kwanza ya taifa kuuliza hali ya ndoa, itaonyesha jambo jingine: wanawake waliopewa talaka na mahakama ya kaunti ileile, waliosimama mlangoni mbele ya karani wa sensa na kujiandikisha kuwa wajane. Sensa ya 1890 ingetuwezesha kuwafuata kwa miaka 10 zaidi, lakini karibu yote ilipotea kutokana na moto wa Washington wa mwaka 1921, kwa hiyo kwa wanawake wengi wa mashambani wa kizazi hicho jalada la talaka na hati ya ardhi huenda ndizo karatasi pekee zenye majina yao kati ya 1880 na 1900.